Kutoka Kifundo cha Mkono Mpaka Ubongoni

Katika miezi hii ya karibuni habari imezagaa hapa Kisiwa Panza, tangu bandarini mpaka mabarazani, kwamba mzee mmoja wa hapa kwetu amepasuliwa ubongo kwa kupitia mkononi. Wengine wameongeza kwamba mkono wenyewe ulikatwa kisha ukaungwa. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wameniuliza darasani kama jambo hilo lawezekana, na mzazi mmoja alinisimamisha njiani akiwa na hofu kubwa, kwa sababu mama yake naye ameandikiwa kwenda kupigwa picha ya namna hiyo. Mzee anayesemwa ni mjomba wangu, na kazi yangu mimi ni kufundisha Baiolojia. Basi nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili niieleze habari hii kama ilivyo.

Kwanza, mzee hakupasuliwa. Alipigwa picha ya mishipa ya damu iendayo ubongoni, na mlango walioingilia madaktari ulikuwa ateri ya kifundo cha mkono. Hapa niseme neno moja juu ya jina. Kwetu Pemba mtu akisema ana "mshipa" aghalabu hufahamika maradhi mengine kabisa, ya chini ya kitovu. Mimi katika makala haya nikisema mshipa nakusudia njia ya damu, na nikisema ateri nakusudia njia ile ipelekayo damu kutoka moyoni kwenda viungoni. Zile zirudishazo damu moyoni ni vena, nazo hazimo sana katika habari yetu ya leo.

Msomaji, tia vidole viwili vya mkono wa kushoto juu ya kifundo cha mkono wako wa kulia, upande wa kidole gumba, karibu na ukunjo. Utasikia kitu kinagonga. Hiyo ndiyo ateri yenyewe. Iko juu juu, chini ya ngozi tu, na nyuma yake pana mfupa. Sifa mbili hizi ndizo zilizowavutia madaktari. Mshipa ulio juu ni rahisi kuuona na kuuchoma, na mshipa ulioegemea mfupa ni rahisi kuubana damu ikitaka kutoka. Ukubwa wake wa ndani kwa mtu mzima ni kiasi cha milimita mbili au mbili na nusu. Chukua rula yako uitazame nafasi hiyo. Kweli ni ndogo.

Sasa hamisha vidole upande wa pili, upande wa kidole cha mwisho. Ukitafuta kwa subira utasikia mgongo mwingine, hafifu zaidi. Mkono una ateri mbili, wala si moja, nazo hukutana kiganjani zikafanya upinde, mfano wa barabara mbili ziendazo kijiji kimoja. Ikizibika moja, damu hufika kwa ya pili. Daktari wa Kimarekani aitwaye Edgar Allen alieleza mwaka 1929 namna ya kuzijaribu, nasi tumeifanya darasani: mtu hufumba ngumi kwa nguvu, mwenziwe huzibana ateri zote mbili, kisha ngumi hufumbuliwa na kiganja huonekana kimepauka. Ukiachia ateri moja tu, wekundu hurudi kiganjani katika sekunde chache. Jaribuni kwa zamu, ila msibane muda mrefu.

Ubongo nao una milango yake. Ateri nne huupelekea damu: mbili kubwa hupita mbele ya shingo, kulia na kushoto, na mbili ndogo hupanda kwa nyuma ndani ya vitundu vya mifupa ya uti. Chini ya ubongo zote nne huungana zikafanya duara. Mwingereza Thomas Willis aliieleza duara hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1664, na michoro ya kitabu hicho ilitiwa mkono na Christopher Wren, yule aliyekuja kuwa mjenzi mkuu wa kanisa la St Paul's kule London. Ubongo ni kiasi cha sehemu mbili tu katika mia za uzito wa mwili, walakini hutumia kiasi cha sehemu ishirini katika mia za oksijeni yote. Ndiyo sababu damu ikikatika huko, hata kwa dakika chache, madhara yake huwa makubwa.

Sasa mtauliza, kwa nini pasipigwe eksirei ya kichwa ikatosha? Mjerumani Röntgen alipozivumbua eksirei mwaka 1895, alichokiona kwanza katika mkono wa mkewe kilikuwa mifupa na pete. Damu na nyama haziachani sana mbele ya miali hiyo, kwa hiyo mshipa hauonekani. Ili uonekane hapana budi kuujaza kitu kinachozuia miali.

Mtu wa kwanza kuyafanya hayo katika ubongo wa mtu aliye hai alikuwa Mreno, Egas Moniz, katika mji wa Lisbon. Bwana huyu alipata kuwa waziri wa mambo ya nchi za nje kabla ya kushika kazi hii, naye mikono yake ilikuwa imeharibiwa na jongo hata hakuweza kuchoma sindano mwenyewe. Kijana wake Almeida Lima ndiye aliyekuwa mikono yake. Walianza kwa kutia bromidi katika ateri ya shingo. Mgonjwa mmoja akafa. Wakabadili wakatia dawa yenye iodini, na mwezi wa Juni mwaka 1927 mishipa ya ubongo ikaonekana katika picha kwa mara ya kwanza. Baadaye yeye na wengineo walitumia dawa iitwayo Thorotrast, iliyotoa picha nzuri sana, ila ilikuwa na miali yake yenyewe na haikutoka mwilini, na miaka mingi nyuma yake watu wakapata saratani kwa ajili yake. Dawa za leo ni za iodini, na figo huzitoa katika mkojo. Nimeyataja haya makusudi, kwa maana wanafunzi hupenda kudhani kwamba elimu huja imekamilika.

Kuichoma shingo yenyewe ilikuwa kazi ya hatari na ya kuogofya. Mwaka 1953 Msweden Sven-Ivar Seldinger alionyesha hila nyepesi iliyobadili kila kitu: choma ateri kwa sindano, pitisha waya laini ndani ya sindano, ondoa sindano uache waya, kisha telezesha mpira mwembamba juu ya waya. Hivyo waweza kuingia mbali na ubongo ukasafiri mpaka ubongoni kwa ndani ya mishipa. Mlango uliochaguliwa kwa miaka mingi ulikuwa kinena, mahali paja linapoungana na tumbo, kwa kuwa ateri ya pale ni nene. Mpaka leo kinena bado kinatumika sana, na si kibaya. Lakini kina taabu zake. Mgonjwa hulazimika kulala chali bila kukunja mguu kwa muda wa saa kadhaa, aghalabu nne hata sita. Damu ikivuja pale yaweza kujificha nyuma ya tumbo bila kuonekana. Tena iko habari ya sitara. Nimewahi kumsikia bibi mmoja wa hapa akisema kwamba ni heri afe na kichwa chake kuliko kufunuliwa pale mbele ya vijana. Madaktari waliosoma sana wakati mwingine hulipuuza neno hili, nami sioni kwamba ni la kupuuzwa, kwa sababu mgonjwa asiyekubali kupimwa hapimwi.

Mlango wa kifundo cha mkono ulianza kwa ajili ya moyo. Lucien Campeau wa Montreal, Canada, alitoa habari zake mwaka 1989, na Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza mwaka 1992 kupanua ateri za moyo kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uitwao RIVAL, uliofanywa kwa wagonjwa wa moyo 7,021 katika nchi nyingi. Madhara makubwa ya mshipa mahali pa kuchomwa yaliwapata 1.4 katika kila mia waliopitia mkononi, na 3.7 katika kila mia waliopitia kinenani. Hesabu hiyo ni ya moyo, msiichukue mkaifanya ya ubongo. Lakini madaktari wa ubongo waliiona, nao wakaifuata njia hiyo, Wajapani wakiwa miongoni mwa waliotangulia.

Sasa nirudi kwa mjomba. Yeye alikwenda Maskati kumtazama bintiye, kama wafanyavyo wazee wengi wa Pemba wenye watoto huko. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, akataka kusema neno likatoka limepinda. Baada ya nusu saa hivi yote yalikwisha, akaomba chai nyingine. Bintiye hakungoja, akampeleka hospitali. Kumbe mambo yapitayo upesi namna hii mara nyingi ni onyo la kiharusi kinachokuja. Picha ya kwanza ya kichwa haikuonyesha damu iliyomwagika wala sehemu iliyokufa, na kipimo cha sauti cha shingo kilionyesha kwamba ateri ya shingo ya kushoto imekuwa nyembamba. Kushoto, kwa sababu upande wa kushoto wa ubongo ndio utawalao mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio utawalao maneno. Hawakuweza kujua hakika ni nyembamba kiasi gani, wala kama juu yake kuna ugonjwa mwingine. Ndipo ikaamuliwa apigwe picha ya mishipa.

Usiku ule alinipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hawa watu wautaka mkono wangu wa kulia."

"Wautakia nini?"

"Wasema watapita humo waende kichwani. Mimi mkono huu ndio unaovuta jarife. Ukifa huu, nitakula nini? Kama ni lazima nawachukue wa kushoto."

Nilimweleza habari ya ateri mbili na upinde wa kiganja, akasikiliza, lakini nilijua hakutosheka. Kesho yake muuguzi mmoja anayesema Kiswahili alimfanyia jaribio lile la Allen mbele ya macho yake, kisha akamtia kidoleni kile kibanio kinachoonyesha mapigo na oksijeni, akaibana ateri ya upande wa gumba. Mistari ikaendelea kupanda na kushuka katika kioo. Mjomba aliniambia baadaye kwamba aliitazama mistari ile kama atazamavyo upepo kabla ya kutweka tanga. Halafu akatia sahihi.

Yafuatayo ni aliyoyaona na kuyahisi yeye, pamoja na niliyoyajua mimi katika vitabu. Alilazwa juu ya meza, mkono umenyooshwa kando, kiganja juu. Hakulazwa usingizi. Daktari aliitazama ateri kwa kipimo cha sauti, akaifisha ganzi ngozi kwa sindano ndogo, akachoma ateri na kupitisha waya kwa hila ile ya Seldinger. Juu ya waya ukaingia mrija mfupi unaokaa mlangoni mpaka mwisho wa kazi. Papo hapo ilitiwa dawa ya kulegeza mshipa, nayo huunguza mkono kwa dakika moja hivi; mjomba alisema ni kama maji ya moto. Sababu ya dawa hiyo ni kwamba ateri ya kifundo ina misuli mingi kwa udogo wake, na ikishtuka hujikaza ikaubana mpira usitoke wala usiingie. Iliongezwa pia hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa mpira unaokaa ndani ya mshipa mdogo waweza kuugandisha.

Mpira wenyewe, ambao msiuchanganye na ule wa mkojo, una urefu wa mita moja au zaidi kidogo. Unene wake hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa na Mfaransa Charrière, mtengenezaji wa vyombo vya madaktari: kila namba moja ni theluthi ya milimita. Mpira wa namba 5 una unene gani? Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waweza kugawa: 5 kwa 3 ni milimita 1.67. Sasa linganisheni na ateri ya milimita mbili na kitu, mtaona kwamba nafasi inayobaki ni ndogo sana, na mtafahamu kwa nini mshipa uliojikaza ni taabu.

Waya hutangulia, mpira hufuata. Mtu wa pwani hatashindwa kuelewa: nahodha akiingia mkondo mwembamba wa mikokoni hutanguliza upondo, hapeleki dau akaja kupima kina nyuma. Njia ni hii: kutoka kifundoni hupanda mkono mpaka kwapani, hupita chini ya mtulinga, halafu hufika mahali ambapo ateri ya mkono wa kulia na ile ya shingo ya kulia hutokana na shina moja. Shina hilo limeota juu ya upinde wa mshipa mkuu utokao moyoni. Daktari huona yote katika kioo cha eksirei. Mjomba hakusikia kitu kikitembea mwilini mwake, kwa sababu hatuhisi mguso ndani ya mishipa.

Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Ateri ya nyuma ya upande wa kulia iko njiani kabisa. Ateri ya shingo ya kulia yataka kugeuka kidogo. Lakini ile ya kushoto, iliyokuwa na ugonjwa wa mjomba, iko upande wa pili wa upinde, na mdomo wake unatazama juu. Mpira unaotoka mkono wa kulia huja ukishuka, na sasa lazima ugeuke upande. Mpira ulionyooka hauwezi. Basi hutumika mpira ulioumbwa mapema ukiwa na kipindo mwishoni, mfano wa ndoana. Hunyoshwa kwa waya wakati wa kuingia, na ukifika penye nafasi ndani ya mshipa mkuu, waya huvutwa nyuma kidogo nao hukunjika ukarudi katika umbo lake. Kisha daktari huuvuta polepole, na ncha ya ndoana huingia katika mdomo wa ateri ya kushoto. Ajabu yake ni kwamba unavuta ili uende mbele. Nimeichora katika ubao mara tatu kabla darasa halijakubali. Mtu aliyezoea njia ya kinena hupata tabu mwanzoni hapa, na kwa sababu hii madaktari wengi waliichelewesha njia ya mkono kwa ajili ya ubongo wakati wenzao wa moyo walikwisha kuizoea.

Mpira ukitulia, hutiwa dawa ya iodini. Mjomba alisikia joto linapanda upande mmoja wa uso, akaona kama kimulimuli machoni, na aliambiwa asimeze mate wala asitikisike. Mashine imekwisha kupiga picha moja kabla ya dawa, ambayo ndani yake mna mifupa tu. Sasa hupiga nyingine nyingi mfululizo zenye mifupa na dawa pamoja. Halafu kompyuta hufanya hesabu ya kutoa: picha ya pili toa ya kwanza. Mifupa huondoka, na kinachobaki ni mishipa mitupu, myeusi juu ya weupe, shina na matawi na vitawi, kama mkarafuu uliopukutika majani. Katika sekunde chache huonekana damu ikiingia kwa ateri, ikitapakaa, na kutoka kwa vena. Picha za mashine za kawaida za kichwa zaweza kuonyesha mishipa pia, tena bila mpira, nazo siku hizi hutangulia. Lakini mwendo huu wa damu tawi kwa tawi, pamoja na vivimbe vidogo vya mishipa na mafundo ya mishipa iliyoungana vibaya, bado huonekana vizuri zaidi kwa njia hii.

Walipomaliza, mrija uliondolewa na kifundo kikafungwa mkanda wa plastiki wenye kifuko cha hewa. Hewa hutiwa kiasi cha kuzuia damu isitoke, bila kuizima kabisa ateri, kwa sababu ateri ikibanwa mno huganda. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa saa mbili hivi. Mjomba aliketi kitini, akala, akaenda msalani kwa miguu yake. Kuhusu jibu lenyewe, wembamba wa ateri yake haukufika kiasi cha kuhitaji kupasuliwa shingo. Alipewa vidonge vya kulainisha damu, vya lehemu mbaya ya damu, na vya shinikizo la damu, ambavyo hapo kwanza alikuwa akivimeza akipenda.

Si haki niwasifie njia hii bila kusema ubaya wake. Kwa watu wachache katika mia, ateri ya kifundo huziba baadaye. Wengi wao hawajui hata, kwa kuwa ateri ya pili hufanya kazi, lakini mlango ule huwa umefungwa kwa siku nyingine. Wengine mshipa wao ni mdogo mno au umejipinda mkononi, na daktari hulazimika kuacha akaenda kinenani. Mtu mwenye figo mbovu, ambaye huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine, aghalabu huepushwa, maana mshipa wa mkono wake utatakiwa kwa kazi hiyo. Na kwa mlango wowote ule, mpira ukitembea katika mishipa ya shingo waweza kubandua utando au kupeleka donge la damu ubongoni, ukaleta kiharusi kile kile kinachoogopwa. Hatari hiyo iko chini ya mtu mmoja katika mia, ila ipo, na daktari mwema huitaja kabla ya sahihi.

Wazazi wataniuliza sisi huku tuna nini. Kutoka hapa mtu huvuka kwa chombo mpaka Chokocho, kisha kwa gari mpaka Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Unguja, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kuna jengo la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo lililojengwa mwaka 2014 kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambayo katika miaka ya karibuni imepata chumba maalumu cha kupiga picha na kutibu mishipa ya ubongo kwa ndani. Kwa hiyo si kweli kwamba lazima mtu awe na mtoto Maskati.

Wala maradhi yenyewe si ya nchi za mbali. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, na kutolewa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kwa mwaka viharusi vipya vilikuwa kiasi cha 109 kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na kiasi cha 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha hesabu za umri. Hesabu ile ya Dar es Salaam ni miongoni mwa kubwa zilizopata kuandikwa duniani. Wengi wa wagonjwa wetu hupelekwa kwanza kutolewa upepo au shetani. Sitagombana na mtu juu ya kisomo. Ndugu wa mgonjwa na wasome. Ila wasome ndani ya chombo kikivuka. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, palipo na dawa hiyo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na haitolewi mpaka picha ya kichwa ihakikishe kwamba hakuna damu iliyomwagika. Picha ile ya kupitia kifundoni huja baadaye. Uso ukipinda, mkono ukianguka, neno likivurugika, tazama saa na uiandike, kwa maana hilo ndilo swali la kwanza la daktari, na maji yakiwa yamekupwa safari yenu itakuwa ndefu.

Yule mzazi aliyenisimamisha njiani nimemjibu hivi. Mama achukue vidonge vyake vyote ndani ya mfuko, asivitaje kwa rangi tu. Aseme kama ana sukari, na anatumia dawa gani, kwa kuwa baadhi ya dawa za sukari husimamishwa wakati wa kutiwa iodini. Aseme kama amepata kuvimba au kubanwa kifua baada ya kutiwa dawa ya picha zamani, na kama figo zake zimepata kupimwa. Aulize wazi watapita wapi, mkononi au kinenani, na kwa nini. Avue bangili kabla ya kutoka nyumbani. Akirudi, asichote maji kwa mkono ule wala kunyanyua mzigo kwa siku chache, na kifundo kikivimba ghafla au damu ikichuruzika akibane kwa kidole gumba, barabara juu ya tundu, huku akipelekwa hospitali.

Na mwanafunzi aliyeuliza kwa nini hawakukubali kumchoma mjomba mkono wa kushoto, kama alivyotaka: wangeweza. Njia ya kushoto ipo, na hutumiwa hasa pale inapotakiwa ateri ya nyuma ya upande wa kushoto, ambayo kutoka mkono wa kulia ni ngumu kuifikia. Lakini daktari husimama upande wa kulia wa meza, na mashine zimepangwa hivyo, na kutoka mkono wa kulia hufikika tatu katika zile ateri nne bila shida kubwa. Wakati mwingine sababu ya jambo kubwa ni mahali mtu anaposimama tu.